Godoro la Watu Wawili

Dada yangu Masika alipofariki, wanawake wa jirani waliingia chumbani mwake kutoa godoro kabla hata mwili haujarudi kutoka hospitali. Ndivyo tunavyofanya kwetu Butembo. Nyumba ikipata msiba, kitanda hubaki mbao tupu, godoro husimamishwa nje ukutani, na wafiwa hulala chini, juu ya mkeka au majani makavu ya migomba, mpaka siku ya kuondoa kilio. Mtu akilala pazuri wakati nyumba inalia, watu humtazama vibaya, na huendelea kumtazama vibaya hata miaka ikipita. Nilipofika niliwakuta wawili wamelishika kwenye pembe, wanahangaika nalo mlangoni, mmoja anasukuma, mwingine anavuta. "Matela gani hii," akasema aliyekuwa anavuta, "iko nzito sawa maiti." Kisha akakumbuka yuko nyumba gani, akavuta kwa nguvu zaidi. Mimi nilikuwa naitazama housse yake, lile vazi la kitambaa cha maua ya buluu lenye zipu ubavuni. Niliishona mwenyewe, nikiwa msichana.

Niliwaambia walisimamishe upande wa nyuma ambako mvua haipigi, na mtu asiivue ile housse. Waliniona nina roho ngumu, dada hajazikwa nami nashughulikia vyombo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wale hawakujua godoro hilo liliingiaje katika nyumba ile, wala vita vilivyoingia pamoja nalo. Aliyejua zaidi yangu alikuwa mmoja tu, ameketi jikoni kwenye kigoda, miguu ameinyosha kando ya moto. Huyo ni Mukaka, maana yake bibi kwa Kinande, na ndivyo sote tunavyomwita mama yake Kasereka, mume wa Masika. Sasa amezeeka mno, ngozi na mifupa. Alilitazama godoro likipita, akasema tu, "Basiangushe iyo."

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao watu wa upande wa Beni, wakikimbia waasi waliokuwa wanachinja vijijini, walianza kutufikia kila wiki. Walikuja kwa malori, kwa pikipiki, kwa miguu, na karibu kila familia ilikuwa na mtu aliyebeba godoro kichwani. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu anayekimbia kifo hushika mtoto, sufuria na matela, kama tunavyoliita godoro kwetu, na yaliyobaki humwachia Mungu. Mimi nilikuwa nashona housse kwa cherehani katika depo ya Papa Mbusa, duka la magodoro karibu na soko kuu. Papa Mbusa alikuwa mzee wa kanisa la Kiprotestanti, mnene, mwenye sauti ya mimbarini, na alikuwa hauzi godoro kwa mtu aliyesimama. "Tosha viatu, lala," alimwambia kila mteja. Watu waliona haya, hasa kina mama waliotoka sokoni na mizigo yao, kulala mchana mbele ya wapita njia. Wengine waliondoka wakisema mzee huyu kichwa kimemruka. Waliokubali kulala, mwanamume alipimwa na yeye, mwanamke nilimpima mimi. Ulipitisha kiganja chini ya kiuno cha mteja. Kikipita bila kugusa mgongo, godoro ni gumu mno kwake. Kisipopita kabisa, ni laini mno, linammeza. Kikipita kwa kusugua, hilo ndilo lake, na hakuna haja ya maneno mengi.

Nilijifunza mengi mle ndani, na mpaka leo siwezi kuketi kwenye kitanda cha mtu bila kukibonyeza kwa ngumi. Anayelala ubavu anahitaji mousse, yaani sponji ya ndani, inayokubali bega na nyonga vizame kidogo. Anayelala chali au kifudifudi anataka ngumu zaidi, kiuno kisining'inie. Mtu mzito asidanganywe na unene wa godoro, aangalie kama mousse yenyewe imeshiba, kwa kuwa iliyo nyepesi itakuwa shimo kabla hajamaliza kuisifu. Ile ya vipande vilivyogandishwa kwa gundi Papa Mbusa alimwachia mwenye haraka, na ile ya vyuma ndani aliwauzia matajiri huku akiwaonya kwamba siku vyuma vikichoka vitawachoma mbavu. Kwa wote alimalizia na amri moja: matela igeuzwe mara kwa mara, kichwani kuende miguuni na kushoto kuende kulia, mwili usichimbe mahali pamoja. Lakini mwaka ule mafundisho yake yalianza kukosa wanafunzi. Waliotoka Beni hawakutaka habari za viuno. Walilikunja godoro, wakalifunga kamba, wakaliweka kichwani, wakatembea nalo mpaka mlangoni na kurudi. "Iyi inabebeka," walisema, wakalichukua. Papa Mbusa aliwasindikiza kwa macho. "Banachagua matela ya kukimbia," aliniambia siku moja. "Mi nilikuwaka nauzisha ya kulala." Alikuwa na hasira, na wala haikuwa juu yao.

Masika na Mukaka walifika wakiwa juu ya lori, kwenye mizigo ya watu wengine, bila godoro. Hilo ndilo lililonitia hofu kabla hata hawajafungua kinywa. Walikuwa wanakaa Beu, ndani ya mji wa Beni, katika nyumba yenye joto ambamo Kasereka alikuwa analala kifua wazi mwaka mzima na bado anatoa jasho. Asubuhi moja aliondoka na wanaume wenzake kwenda kuvuna kakao katika mashamba ya kaskazini. Jioni baadhi yao walirudi wakikimbia. Baadhi walipatikana baadaye na kuzikwa. Kasereka hakuwa miongoni mwa waliorudi wala miongoni mwa waliozikwa. Mtu mmoja alisema aliona wanaume wakifungwa kamba na kuingizwa porini, lakini nyuso hakuziona. Kisha risasi zilianza kusikika karibu na mtaa wao, wakapanda pikipiki, pikipiki ikateleza matopeni, na Masika akateguka nyonga ya kulia kabla lori halijawaokota. Nilimuuliza godoro la harusi yao liko wapi. "Niliitandika," alisema. "Akirudi akute pa kulala."

Nilikuwa nimepanga nyumba ndogo ya mbao: chumba cha mbele, chumba changu cha nyuma na jiko. Nilimpa Masika kitanda changu, na juu yake hakukuwa na mousse bali gunia lililojazwa majani makavu, maana fundi wa housse naye hulala anapojaliwa. Mukaka nilimwonyesha kitanda cha pili, akakikataa. Siku hiyohiyo alitandika mkeka kwenye sakafu ya chumba cha mbele, akajifunga kitambaa kiunoni kama mfiwa, akalala pale. Butembo si Beni. Ukungu wa asubuhi huingia mpaka ndani ya sufuria, na sementi ya kwetu humgandisha mtu damu. Nilimsihi apande kitandani. Alinijibu kwa upole kabisa: "Mutoto wangu amekufa, mwana. Nani analalaka juu wakati mutoto yake amekufa?" Halafu akasema kwa sauti ya kufika chumba cha nyuma: "Mais kilio huanza mfiwa. Mi ni mama tu. Nangojea mwenye bwana aanze."

Mwenye bwana hakuanza. Masika alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu, anachambua sombe, majani ya mihogo, kwenye ungo, akaendelea kuchambua. Na hapo ndipo palipokuwa na jambo lenyewe, ambalo mwaka mzima lilikaa nasi mezani na kitandani. Kwa desturi yetu mjane ndiye anayeshuka kwanza. Godoro lake linatolewa, analala chini, na kwa kulala kwake chini watu wote wanajua mume amekufa. Kilio kinaanza, kinamalizwa, na maisha yanaendelea na vipande vilivyobaki. Masika akishuka, Kasereka angekuwa maiti. Akibaki juu, Kasereka angekuwa hai, lakini yeye mwenyewe angekuwa mwanamke asiyemlilia mumewe. Hakukuwa na mahali pa tatu pa kulala. Nilisikia majirani wakilijadili uani, kwenye foleni ya maji, bila hata kupunguza sauti. "Ule mwanamuke wa Beni hapana lia," alisema mmoja. "Bwana yake anaozaka mu pori, ye iko kwa kitanda." Mwingine akasema, "Labda iko na sababu ya kupenda kitanda." Wakacheka. Masika alikuwa jikoni anasonga fufu, na ukuta wa mbao hauzuii kitu. Niliona mkono wake ukisimama juu ya mwiko, kisha ukaendelea.

Gunia langu la majani lilikuwa linamuumiza. Alikuwa halali ila kwa ubavu wa kulia, tangu utoto wetu, na nyonga iliyoteguka ilikuwa ya kulia. Kila asubuhi aliamka akishika ukuta. Nilimwambia aje depo nimtafutie godoro la mtu mmoja, laini, la kumponya, na Papa Mbusa angekubali nililipie kwa kazi. Alisema atakuja. Alikuja baada ya misa, amevaa kitenge chake kizuri, akichechemea, na Papa Mbusa akamwamkia kwa heshima kwa sababu alikuwa amekwisha kusikia. Alimwonyesha la mtu mmoja ambalo nilikuwa nimelitenga. "Tosha viatu, mama, lala." Masika akalala ubavu. Nikapitisha kiganja chini ya kiuno chake, kikapita kwa kusugua. Bega limezama kidogo, nyonga imezama kidogo. Alifumba macho, uso ukamlegea kwa mara ya kwanza tangu afike, nami nikafurahi, nikajiona daktari. Kisha akafumbua macho.

"Iyi ni ya mutu moya," alisema.

"Ndiyo, mama," alijibu Papa Mbusa. "Une place."

"Mi niko na bwana."

Mwanamume aliyekuwa anasubiri kulipa aligeuka kutazama barabara. Papa Mbusa alibaki amesimama na mikono yake minene juu ya tumbo. Nilimjua mzee huyo kwa mahubiri, nikajua sasa ataanza habari za mapenzi ya Mungu, na nikatamani sakafu inifunike. Hakuhubiri. Alivuta kiti, akaketi karibu na Masika, akauliza lile swali alilokuwa anawauliza watu wote wenye ndoa: "Bon. Bwana yako analalaka namna gani?"

"Analalaka kifudifudi," alisema Masika. "Mukono moya anautupa huku, juu yangu. Iko nzito. Akigeuka, kitanda yote inageuka. Na jasho, vraiment, ile ni kisima."

"Anapenda laini ao nguvu?"

"Nguvu. Kwa laini analalamikaka mugongo asubui. Ni juu ya kubeba kakao."

Nilikuwa nimeshika kipande cha kitambaa na sijui nilikuwa nakifanyia nini. Papa Mbusa aliuliza yote, kwa mpango, kama mume yuko nje anafunga pikipiki: anaamka mara ngapi, analala upande wa ukuta au wa mlango. Wa mlango, alisema Masika, yeye ndiye analala ukutani. Mwisho mzee alikohoa. "Mama, nikuambie kweli. Kwa batu babili tunachaguaka kufwata mwenye iko nzito. Kwa yeye itakuwa muzuri. Kwa nyonga yako itakuwa mubaya, ile mousse ni nguvu, itachukua miaka mbele ikubali mwili yako." Masika akauliza, "Itadumu?" Mzee akasema itadumu. "Donc ni ile," alisema Masika, akaanza kuvaa viatu. Nilimvuta pembeni nikamwambia amerukwa na akili, nyonga ni yake na usingizi ni wake, anunue la mtu mmoja, Kasereka akirudi tutanunua lingine. Alinitazama bila hasira. "Akirudi akute nilinunua ya mutu moya," alisema, "nitamwambia nini?" Nikakaa kwenye cherehani, nikalishonea housse ya maua ya buluu.

Tulilibeba kwa kupokezana vichwani mpaka nyumbani, na mtaa mzima ukatoka kutazama. Mukaka alikuwa mlangoni anachagua maharagi. Alilipima kwa macho, upande hadi upande. "Matela ya batu babili," alisema. "Wa pili ni nani?" Masika alikuwa anapanga jinsi ya kulipitisha. "Nakuuliza, mwali. Mutoto yangu iko mu pori, nyama zinakula yeye, we unatayarisha kitanda. Wa pili ni nani?" Masika aliliegemeza godoro ukutani, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mkwewe. "Mama," alisema, "wa pili, we mwenyewe ulimuzaa." Mukaka akaangusha ungo, maharagi yakatawanyika mpaka barabarani, na hakuna aliyeyaokota. Tangu siku hiyo kila mmoja alikula kwenye sahani yake. Waliketi chumba kimoja, moto mmoja, fufu ya sufuria moja, mmoja anakula kama mfiwa na mwingine anakula kama mke wa mtu, na mimi katikati nikijifanya natafuta chumvi.

Mukaka ndiye aliyewaita wazee. Walipanda kutoka Lubero, ndugu za marehemu mumewe, wamevaa makoti mazito, na kwa kuwa ni wageni Masika aliwapikia samaki wa Kyavinyonge, tilapia wanono wa ziwani, kwa nyanya na vitunguu, ingawa alijua wamemjia kwa nini. Walikula vizuri. Waliisifu michuzi, wakanyonya vichwa vya samaki mpaka macho, wakanawa mikono. Ndipo mkubwa wao akasema, "Binti yetu, chakula ilikuwa muzuri. Sasa tuseme yenye ilituleta. Mutoto wetu lazima aliliwe. Leo utashuka chini." Masika alikuwa amesimama karibu na mlango wa chumba cha nyuma. "Baba, munipatie mwili," alisema, "nitalala chini ata mpaka nikufe." Mzee akasema mwili haupo. "Donc kilio nayo haiko," alisema Masika. Akaingia chumbani, akapanda kitandani, akalala ubavu, ukutani, uso akaelekeza ule upande wa mlango uliokuwa wazi. Kutoka nilipokaa nilimwona.

Wazee walitazamana. Kwetu baba mkwe haingii chumba anacholala mke wa mwanawe, na shemeji hagusi kitanda cha kaka yake wakati mke amelala juu yake. Dunia imeharibika, lakini hilo bado halijafikiwa. Kazi ile ilikuwa ya wanawake, na mwanamke wa kuifanya, mwenye haki ya kuingia na kulivuta lile godoro chini, alikuwa mmoja. Wote wakamgeukia Mukaka. Yeye ndiye aliyewaita, yeye ndiye aliyekuwa analala juu ya sementi tangu siku ya kwanza, anakohoa kifua cha baridi, kwa ajili ya jambo hilihili. "Mama, ingia," alisema mzee mkubwa. Mukaka alitazama mlango wa chumba. Kisha akasema, "Mugongo inaniuma." Mzee akarudia. Mukaka akasema tena mgongo unamuuma, akachukua sahani, akaanza kukusanya miiba ya samaki, taratibu, mmoja mmoja. Wazee walikaa kidogo, wakaomba maji, wakaenda zao wakiwa wamenuna. Nilidhani kweli ni mgongo. Usichana ni upofu wa namna yake. Niliona wanawake wawili wanaochukiana, mmoja mkaidi na mwingine mkali, basi.

Kuelekea mwisho wa mwaka ilisikika kwamba watu waliotekwa wametoroka porini na kufika Beni. Masika alikwenda peke yake, nyonga ikimuuma, tukakaa tukimngoja. Aliporudi alieleza kwa ufupi huku akivua viatu. Alimkuta kijana mmoja, amekonda hana shavu, akamweleza sura ya Kasereka, kovu la panga kidoleni, namna anavyocheka. Kijana alisema labda alimwona. Alisema porini watu walikuwa wengi, na ukikaa sana nyuso zinafanana. Masika alipita pia Beu kutazama nyumba yao. Ilikuwa imevunjwa mlango na godoro la harusi halipo. Ama mwizi alilichukua, ama mtu anayekimbia. "Kama ni mwenye kukimbia, limusaidie," alisema. Mukaka alisikiliza yote kutoka kwenye mkeka wake, akageukia ukuta. Wiki ile nilimsikia akisali kwa Kinande mchana, akimtaja Nyamuhanga, Mungu Muumba, na kwa mara ya kwanza sikusikia akiomba roho ya mwanawe ipumzike. Alikuwa anaomba mvua isimnyeshee.

Niliolewa mwaka uliofuata nikawaachia nyumba ile. Kasereka hakurudi. Hakuna aliyeleta mfupa wake, wala nguo, wala neno. Mukaka alilala kwenye mkeka mpaka mapafu yalipokataa, ndipo akakubali kitanda, na wala hakusema kwamba kilio kimekwisha kwa sababu hakikuwa kimeanza. Waliishi hivyo zaidi ya miaka kumi, mkwe na mkaza mwana, na polepole wakarudi kula sahani moja. Kila nilipowatembelea nilimkumbusha Masika ageuze godoro, mafundisho ya Papa Mbusa, asije akachimba shimo. Alicheka. "Nikiigeuza, atakuta shimo yangu kwa upande yake," alisema. Nilidhani ni uvivu na mzaha. Kisha presha ikampanda akiwa sokoni, na baada ya siku chache za hospitali ndipo nikaitwa.

Siku ya kuondoa kilio, wageni walipokwisha kula na kuondoka, tulilirudisha godoro chumbani, nami nikafungua zipu ili nifue ile housse. Mchana ulikuwa mweupe dirishani na niliona kila kitu. Upande wa ukutani mousse ilikuwa imezama mpaka karibu na mbao, na niliweza kuonyesha kwa kidole bega la dada yangu liko wapi, na nyonga ile ya kulia iko wapi. Ilikuwa imekubali mwili wake hatimaye, kama mzee alivyosema. Upande wa mlangoni ulikuwa umejaa, pembe zake kali, kama siku lilipotoka depo. Niliubonyeza kwa ngumi na ngumi ikarudishwa mara moja. Kwa miaka yote ile, hata nyonga ilipomuuma, hata alipoumwa homa, hakuwahi kujinyoosha akaingia kwenye nafasi ya mumewe. Niliketi sakafuni nikalia kuliko nilivyolia kaburini.

Mukaka aliingia akishika ukuta. Alikuwa amelala chini siku zote za kilio, safari hii kwa ajili ya Masika, na hakuna aliyeweza kumzuia. Kitanda chake mwenyewe kilikuwa kimebebwa na wapwa kwa ajili ya wageni na hakijarudi, nikamwambia alale hiki. Nikafuta uso, nikashika pembe za godoro. "Ngoja niligeuze, Mukaka," nilisema, "ulale upande mzima, mifupa yako imechoka." Akaweka mkono juu ya godoro. Aliupapasa ule upande mpya, kutoka kichwani mpaka miguuni, kiganja kizima.

"Hapana geuza," alisema. "Hapa ni pa Kasereka."

Nikamsaidia kupanda. Alivuka ule upande kwa magoti, kwa uangalifu, kama anavuka shamba lililopandwa, akafika ukutani na kujilaza ubavu ndani ya shimo la Masika. Mwili wake mdogo uliingia wote. Nilileta blanketi nikamfunika mpaka shingoni, nikachomeka kingo zake ili upepo usiingie. Akautoa mkono, akalichomoa blanketi nililolichomeka, akalivuta mpaka likafunika na ule upande wa mlango, akalisawazisha pasipokuwa na mtu.

"Huku kuko baridi," aliniambia. "Ye hajazoea."